Mate ya Asubuhi na Dhiki ya Djugu

Tarehe 8 Machi 2021 mahakimu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walitoa amri ya fidia katika kesi ya Bosco Ntaganda, kiongozi wa wanamgambo, ambaye mwaka 2019 alikuwa amekwisha kuhukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa maovu yaliyotendwa Ituri, mashariki ya Kongo, mwaka 2002 na 2003, na mengi katika hayo yalitendwa ndani ya wilaya ya Djugu, katika Mongbwalu, Sayo, Kobu na vijiji vya jirani. Magazeti yalishughulika na kiasi cha fedha, dola milioni 30 za Marekani. Bali kwa tabibu na mwanasayansi jambo zito zaidi lilikuwa kwamba amri ile ilikubali kuwa mtoto aliyezaliwa baada ya vita aweza kuwa na madhara yaliyomfikia kwa njia ya wazazi wake. Rufaa ya Septemba 2022 ililirudisha suala hilo nyuma, ikataka hoja zake zipambanuliwe. Na kabla ya hapo, katika kesi ya Germain Katanga, naye kiongozi wa wanamgambo, iliyohusu shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, waombaji watano walidai madhara ya namna hiyo hiyo, na Julai 2018 wakakataliwa, ingawa mahakimu walikwisha kusema kwamba yamkini watu wale wanayo. Ila kiungo baina ya shambulio lile na maradhi yao hakikuthibiti.

Ni tabia ya binadamu, anapoambiwa kwamba neno lake halitoshi, kutafuta kitu kitakachomsemea. Ndiyo maana habari zinazotoka katika maabara za ng'ambo, kwamba dhiki ya nafsi huacha alama katika mate na kwamba alama hiyo hutoka katika mitokondria, zinapofika Bunia, mji mkuu wa Ituri, hupokewa kwa matumaini makubwa kuliko walivyokusudia wale walioziandika. Habari hizo ni za kweli kwa kiasi chake, na kiasi hicho ndicho nitakachojaribu kukieleza.

Ndani ya karibu kila chembe ya mwili, illa zile nyekundu za damu, mna viungo vidogo mno viitwavyo mitokondria, jina vililopewa na Mjerumani Carl Benda mwaka 1898. Kazi yao mashuhuri ni kuchoma chakula kwa hewa ya oksijeni na kutoa nguvu inayoendesha chembe. Asili yao ni bakteria walioingia katika chembe kubwa zaidi zamani zisizokadirika wakafanya maskani humo, rai ambayo Lynn Margulis wa Marekani alipoitetea mwaka 1967 ilikutana na dhihaka nyingi, na leo yafundishwa shuleni. Kwa sababu ya asili hiyo, mitokondria zina DNA yao wenyewe, mbali na ile ya kiini: duara dogo la herufi 16,569, lenye vinasaba 37 tu, lililosomwa lote mwaka 1981 huko Cambridge. Chembe ina kiini kimoja, lakini mitokondria zake ni mamia, na nakala za duara hilo aghalabu ni mamia au maelfu. Basi hata tone dogo la mate, lenye chembe zilizobanduka mashavuni na chembe nyeupe zilizopenya kutoka katika ufizi, lina DNA ya mitokondria ya kutosha kupimwa.

Ama uhusiano wa viungo hivyo na hofu, huo ni wa ndani kuliko wengi wanavyodhani. Mtu anaposikia mlio wa risasi usiku, au mlango uliopigwa na upepo ukafanana nao, ubongo hutuma amri mpaka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga homoni iitwayo kotisoli. Hiyo imekwisha kuelezwa mara nyingi. Lisiloelezwa sana ni kwamba kotisoli yenyewe huanza kufanyizwa ndani ya mitokondria, ambamo lehemu hukatwa kipande cha kwanza, kisha hutoka nje kwa hatua za katikati, na kurudi humo humo kukamilishwa. Halafu, ikiisha kuenea mwilini pamoja na damu, huziamuru chembe kuwa tayari kupigana au kukimbia, na gharama ya utayari huo, yaani nguvu yenyewe, hudaiwa mitokondria tena. Zikilemewa, hubadili umbo na mwendo wa kazi, huongeza nakala za DNA yao, na pengine huitupa nje DNA hiyo ikaelea peke yake katika damu na majimaji mengine ya mwili. Hapo asili yao ya kale hurudi kuleta matata, maana kinga ya mwili ikikutana na DNA iliyofanana na ya bakteria huidhania adui aliyevamia. Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2010 kwa majeruhi wa ajali, ambao damu yao ilijaa vipande vya mitokondria na miili yao ikawaka kama ya wagonjwa wa maambukizo bila ya kuwapo kijidudu chochote.

Kwamba hofu isiyo na jeraha nayo yaweza kufanya hivyo, hilo lilionyeshwa na Caroline Trumpff, Martin Picard wa Chuo Kikuu cha Columbia, na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Watu 50 wenye afya walitiwa katika mtihani mfupi wa kusema mbele ya wenye kuwapima, na nusu saa baadaye DNA ya mitokondria iliyoelea katika damu yao ilikuwa imezidi mara mbili hata tatu. Chembe zilizokuzwa maabarani, zilipopewa dawa ya jamii ya kotisoli, ziliitoa DNA hiyo kwa muda usiotimia robo saa. Nani asiyeshangaa, kwamba aibu ya kusimama mbele ya watu wageni, ambayo haikumgusa mtu hata ukucha, yaweza kuhesabika katika damu yake kabla hajarudi nyumbani?

Hiyo ilikuwa damu. Kwa upande wa mate, kazi iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya mwaka 2015 ya Na Cai, Jonathan Flint na wenzao, waliosoma DNA iliyotoka katika mate ya wanawake 11,670 wa Uchina, baadhi yao wakiwa na maradhi ya sonona iliyowarudia mara kwa mara na wengine wazima. Wenye sonona walikuwa na DNA ya mitokondria nyingi zaidi, na ncha za kromosomu zao, ziitwazo telomea, zilikuwa fupi zaidi. Lakini naomba msomaji atue hapa, kwani sentensi inayofuata ndiyo aghalabu husahauliwa na wanaosimulia utafiti huo. Watafiti waliuliza pia juu ya misiba iliyowapata wanawake wale, na ukatili waliotendewa utotoni. Na ingawa misiba hiyo iliandamana na alama ile, hesabu ilipochambuliwa zaidi ilidhihirika kwamba alama ilifuata hali ya sonona, wala haikufuata msiba peke yake. Mwanamke aliyepatwa na makubwa akabaki amesimama hakuwa na alama kama ya mwenzake aliyeanguka. Kisha wakajaribu kwa panya: waliotiwa dhikini walipata mabadiliko yale yale, na hata waliopewa tu homoni ya dhiki pasipo dhiki yenyewe, na dhiki ilipoondolewa, mabadiliko yalirudi nyuma kwa sehemu.

Kuna na alama nyingine, protini iitwayo GDF15, ambayo chembe huitoa mitokondria zake zinapoelemewa, na ambayo madaktari walikwisha kuitumia kutambua maradhi ya kurithi ya mitokondria kabla haijahusishwa na mambo ya nafsi. Kundi lile la Columbia limeipima katika mate na kuona kwamba huwa juu sana mtu anapoamka, kisha hushuka haraka katika saa ya kwanza ya asubuhi. Na DNA ya mitokondria ieleayo katika mate nayo hucheza kwa namna hiyo. Basi mate yaliyotemwa kabla mtu hajainuka kitandani na mate yaliyotemwa baada ya kuteka maji ni kama ya watu wawili mbalimbali. Msomaji ataona mara moja ni tatizo la namna gani hilo kwa mtafiti anayefika katika kambi ya waliokimbia vita saa nne na gari lake, baada ya kusubiri ruhusa ya barabara.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki mate yamekwisha kuulizwa habari za dhiki, ingawa walioyauliza walitafuta kotisoli, si mitokondria. Katika Rarieda, magharibi ya Kenya, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya maskini zilizopewa fedha taslimu bila sharti, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Watu wale walisema kwamba nyoyo zao zimetulia na furaha imezidi. Mate yao, yakichukuliwa kwa jumla, hayakusema kitu, illa tofauti zilionekana kwa kadiri ya fedha zilivyotolewa na nani aliyezipokea. Ulimi na mate ya kinywa kimoja havikukubaliana. Wala sioni sababu ya kuyaamini mate kuliko ulimi, japokuwa wapo wataalamu ambao, wangeachiwa, wangefanya hivyo.

Karibu zaidi na Ituri, katika hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake walichunguza akina mama 25 na watoto wao wachanga, na mwaka 2012 wakaandika kwamba kadiri mama alivyopatwa na taabu za vita, ubakaji ukiwamo, ndivyo mtoto alivyozaliwa na uzito mdogo, na ndivyo alama fulani za kikemia zilivyozidi kubandikwa juu ya kinasaba chake kinachopokea amri za kotisoli. Huo ni utafiti wa heshima, uliofanywa mahali pagumu, na mara nyingi hutajwa kama kwamba umeliamua suala la urithi wa dhiki. Haukuliamua. Jozi 25 ni chache. Na alama iliyoonekana siku ya kuzaliwa haijatuambia bado mtoto huyo atakuwaje akifika miaka ishirini.

Hebu sasa tulitie jambo hili mbele ya mahakimu. Wao hawaulizi kama mtu ana dhiki. Wanauliza nani aliyemdhikisha, lini, na kwa tendo gani. Alama ya mate, ikiwa sahihi kabisa, ni kama jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa wa daftari la duka, ambayo yaonyesha kwamba mali imetoka nyingi, bali majina ya walioichukua yamefutwa. Mtu wa Kobu aliyenusurika mwaka 2003, akarudi akajenga, akakimbia tena vita vilipofufuka Desemba 2017, akapoteza ndugu katika shambulio la kambi ya Plaine Savo la Februari 2022 ambamo waliuawa watu wapatao 60, na ambaye jana alilala na njaa, mitokondria zake hazina njia ya kutenga sehemu ya Ntaganda na sehemu ya waliokuja baada yake. Na hatari iko upande wa pili vile vile: siku kipimo kikikubaliwa mahakamani, yule ambaye mate yake yatakuwa ya kawaida ataambiwa kwamba hakudhurika, ilhali kazi ya Uchina imetuonyesha kuwa mtu aweza kupatwa na makubwa na alama isionekane. Ukatili wa kutoaminiwa ungepata hati ya maabara.

Hata tukiwaacha mahakimu na kesi zao, tukataka kipimo kwa ajili ya tiba tu, Djugu ni mahali ambapo kingepotoshwa kwa urahisi kuliko mahali pengi. Sisemi hivi kukatisha tamaa. Nasema kwa kuwa mara nyingi vipimo huundwa kwa watu walioshiba na wenye meno mazima, kisha hupelekwa kwa wasio hivyo bila kubadilishwa hata sharti moja. Ufizi unaotoka damu hujaza mate chembe nyeupe za damu, ambazo hesabu ya mitokondria zao haifanani na ya chembe za mashavu. Basi anayepima nakala za DNA bila kujua ni chembe gani alizopata, huenda akawa anapima maradhi ya ufizi akidhani anapima huzuni. Malaria, ambayo katika Ituri haina msimu wa kupumzika, huamsha kinga ya mwili, na maambukizo yo yote yaamshayo kinga huongeza DNA iliyotupwa nje. Baadhi ya dawa za zamani za virusi vya Ukimwi hupunguza DNA ya mitokondria, yaani huisukuma alama upande ulio kinyume. Ama GDF15, hiyo hupandishwa na njaa ya siku nyingi, na kazi nzito ya viungo, na juu ya yote na mimba, kwa sababu kondo la nyuma huitoa kwa wingi, nayo ndiyo iliyothibitika kuwa miongoni mwa sababu za kichefuchefu cha wajawazito. Katika kambi yenye wanawake vijana wengi, wengine wakiwa hawajajua bado kwamba wamehimili, mtafiti asiyeuliza hilo kwa adabu atarudi na jedwali zuri lisilo na maana.

Tena kuna jambo la mikono. Mate yanayotafutwa DNA iliyoelea hayana budi kuzungushwa kwa mashine mpaka chembe zitengane na maji, na hapo ndipo yagandishwe. Yakigandishwa kwanza, chembe hupasuka na kumwaga DNA yao yote, na kipimo kikasema uongo. Jenereta, mafuta ya jenereta, na fundi wa jenereta ni sehemu ya utafiti huu sawa na maikroskopu. Na kabla ya mashine kuna ridhaa. Ebola ilipofika Tchomia kwenye ufuo wa Ziwa Albert, Septemba 2018, na katika sehemu nyingine za Ituri kabla na baada ya hapo, timu za mazishi zilitumia vijiti vyenye pamba kuchukua majimaji katika vinywa vya maiti ili kujua kama walikufa kwa ugonjwa ule. Watu waliona, na hawakusahau. Anayekuja leo na kijiti cha pamba na tabasamu, akamwambia mama afungue kinywa, asishangae akiulizwa kwanza nani amekufa.

Nini basi kilichobaki cha manufaa? Nadhani ni kile kidogo ambacho panya wa Flint walikionyesha, kwamba alama hurudi nyuma kwa sehemu dhiki inapoondoka. Thamani ya kipimo hiki, kama ipo, haiko katika kumlinganisha mtu na jirani yake, ambaye ana ufizi mwingine na malaria nyingine, bali katika kumlinganisha na nafsi yake mwenyewe, mwezi hata mwezi, asubuhi hata asubuhi, anapotibiwa. Na tiba zenyewe zipo. Mwaka 2010 uchunguzi wa watu wazima 998 katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri ulikuta kwamba kama nusu yao wana dalili za maradhi ya mshtuko yanayobaki baada ya msiba. Miaka mitatu baadaye Judith Bass na wenzake walichapisha matokeo ya tiba ya mazungumzo ya kikundi iliyotolewa katika Kivu na wasaidizi wa kawaida wa huko huko, kwa wanawake waliobakwa, wengi wao hawajui kusoma: miezi sita baada ya tiba kwisha, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9, na katika wale waliopewa msaada wa kawaida tu walikuwa asilimia 42. Matokeo hayo yalipatikana kwa maswali na majibu, bila tone la mate. Lau mtu angechukua mate ya wanawake wa tiba ya namna hiyo, mwanzo na mwisho, yangetujulisha kama mwili nao hufuata pale ulimi unaposema umepumzika, au hukawia, au haufuati kabisa. Na hilo la kukawia ndilo ningependa kulijua kuliko yote, maana lingetueleza kwa nini wengine hupona kwa maneno na kuendelea kuumwa mgongo na kichwa.

Yuko atakayeuliza kwa nini basi tusikusanye mate tu, tukayaweka, tukasubiri elimu ikue. Jibu langu limo katika namna DNA hiyo inavyorithiwa. Ile ya mitokondria humfikia mtu kwa mama peke yake, na mama kwa mama yake, pasipo mchango wa baba; nako Djugu, kwa Wahema na kwa Walendu, makabila yaliyopigana katika vita hivyo, ukoo huhesabiwa kwa baba, na kwa jina la baba ndivyo watu walivyotengwa, wakachomewa nyumba na kuuawa. Ndoa baina ya makabila hayo zilikuwapo tangu zamani, na Wahema wa kaskazini wamesema Kilendu kwa vizazi vingi, hata hakuna mtu awezaye kuahidi kwamba mistari ya mama itafuata mipaka ya vita. Kwa mwanazuoni hiyo ni habari ya kupendeza. Kwa mtu mwenye nia mbaya, sanduku la barafu lenye mate ya watu elfu mbili, kila chupa ikiwa na jina la kijiji chake, ni orodha. Kupima wingi wa DNA ya mitokondria hakuhitaji kusoma herufi zake. Ni kazi mbili tofauti, na ya kwanza yaweza kufanywa pasipo ya pili. Kwa hiyo mkataba wo wote utakaowekwa na watu wa kambi za Djugu useme hivyo kwa maandishi, na kwa lugha wanayoielewa: wingi utahesabiwa, herufi hazitasomwa, jina la kijiji halitaandikwa juu ya chupa, na mate yatakayobaki yatamwagwa mbele ya mtu waliyemchagua wenyewe.